Boksi tatu za katuni za zamani: namna ya kuanza kuziuza mtandaoni

SWALI: Shikamoo mjomba. Naishi Columbus, Ohio, huu ni mwaka wa nne. Jirani yetu mmoja alifariki, na familia yake ilipokuwa inauza vitu vya nyumba nikanunua boksi tatu za vitabu vya katuni vya Marekani, vingi vya miaka ya 1970 hadi 1990: Hulk, X-Men, Superman, Fantastic Four. Nataka kufungua duka la mtandaoni. Nijenge tovuti yangu au nitumie eBay? Bei nipange vipi? Nivipeleke vyote vikapimwe na kufungwa kwenye yale makasha ya plastiki? Halafu nyumbani Morogoro baba ana rundo la magazeti ya Sani na zile hadithi za picha za Lance Spearman. Nayo yana soko?

JIBU: Marahaba, mpwa wangu, na hongera kwa kuziwahi boksi hizo kabla hazijaishia jalalani.

Nianze na jambo ambalo hukuuliza, maana ndilo litakaloamua kama duka lako litadumu. Je, unaweza kueleza hali ya kitabu kwa ukweli, kasoro moja baada ya nyingine? Mteja wako atakuwa Oregon au Florida. Hatakishika kitabu, hatakinusa, hatakifunua. Yuko katika hali ile ile ya mama anayenunua belo la mitumba likiwa bado limefungwa: ameambiwa ni gredi ya kwanza, analipa, na akifungua akakuta mashati yametoboka, kwako harudi, na wenzake sokoni atawaambia. Tovuti nzuri, nembo na matangazo vitafuata baadaye. Maelezo yako ya hali ya kitabu ndiyo mtaji wenyewe.

Bila shaka umesikia habari za mamilioni. Nakala ya Action Comics namba 1 ya mwaka 1938, ile iliyomleta Superman kwa mara ya kwanza, iliuzwa dola milioni 6 mwezi Aprili 2024. Novemba 2025, Superman namba 1 ya mwaka 1939 ikapigwa mnada na Heritage Auctions ya Dallas kwa dola milioni 9.12; ndugu watatu walikuwa wameikuta darini kwenye nyumba ya marehemu mama yao huko California, ndani ya boksi, chini ya magazeti makuukuu. Habari hizo ni za kweli, ila huwapotosha wanaoanza. Vitabu vile viliuzwa senti 10, watoto wakavisoma mpaka vikachanika, na wakati wa Vita Kuu ya Pili karatasi zikakusanywa nyumba kwa nyumba kwa ajili ya vita. Vilivyosalimika ni vichache mno.

Sasa tazama X-Men namba 1 ya mwaka 1991. Ilitoka kwa majalada matano tofauti, na nakala zaidi ya milioni 8 zikachapwa. Watu walinunua kumi kumi, wakazifunga kwenye plastiki wakisubiri utajiri. Kwa kuwa kila mmoja alitunza, leo unaipata kwa dola chache popote. Superman namba 75 ya mwaka 1992, ile ya kifo chake iliyouzwa ndani ya mfuko mweusi, ina hadithi hiyo hiyo. Kwa hiyo usishtuke ukikuta boksi inayong'aa kuliko zote ndiyo yenye thamani ndogo kuliko zote.

Hatua yako ya kwanza iwe kutenga vyote vilivyotoka kabla ya 1980 na kuvifungua kimoja kimoja mezani, mikono ikiwa safi na mikavu. Katika majina uliyoyataja, yapo matoleo ambayo kila muuzaji huyatafuta kwanza. Fantastic Four namba 52 ya Julai 1966, ambamo Black Panther anatokea kwa mara ya kwanza. Giant-Size X-Men namba 1 ya mwaka 1975, iliyomleta Storm, ambaye katika hadithi mama yake ni Mkenya. Na Incredible Hulk namba 181 ya Novemba 1974, ambamo Wolverine anaonekana kikamilifu kwa mara ya kwanza baada ya kuchungulia tu mwishoni mwa namba 180.

Tuchukue hiyo Hulk 181 kama somo, maana ina mitego yote. Kwanza, hakikisha ni yenyewe. Soma yale maandishi madogo chini ya ukurasa wa mwanzo: jina la kitabu, namba, mwezi, mwaka. Kampuni za Marvel na DC siku hizi hurudia kuchapa matoleo maarufu, hadi na matangazo yake ya zamani ndani, na mtu asiye na uzoefu anaweza kudhani ameokota lulu. DC hata mwaka 1974 ilirudia Action Comics namba 1 kwa umbo kubwa kuliko la asili. Yakitolewa majalada yake ya nje, kilichobaki kinafanana sana na kitabu cha 1938, isipokuwa kwa ukubwa. Karatasi, rula na yale maandishi madogo ndivyo vitakavyokuambia ukweli.

Pili, hesabu kurasa. Kitabu cha kawaida cha miaka hiyo kina kurasa 32 za ndani, bila majalada. Tazama kurasa za katikati kama bado zimeshikwa na pini zote mbili. Kisha fika kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Miaka hiyo Marvel ilikuwa inachapa humo kuponi ndogo, kama stempu, ili watoto wazikate na kuzibandika kwenye kijitabu. Mkasi wa mtoto wa mwaka 1974 umeharibu Hulk 181 nyingi kwa namna ambayo jalada haliwezi kukuonyesha. Nakala iliyochakaa lakini kamili huzunguka dola elfu moja na kitu. Kuponi ikiwa imekatwa, sehemu kubwa ya bei hiyo inaondoka. Muuzaji asiyefungua kitabu na kutazama ukurasa huo hana haki ya kukiita kamili.

Tatu, zima taa ya juu, shika taa ya mezani, mwanga upite kwa ubavu juu ya jalada. Utaona mikunjo ambayo haikukata rangi na ambayo mwanga wa juu unaificha. Tazama mgongoni: vile vijistari vyeupe vinavyovuka mgongo mahali pa pini ni alama za kufunguliwa mara nyingi, na kila kimoja kina gharama. Tazama pini kama zina kutu, na kama kutu imeingia kwenye karatasi. Geuza jalada uangalie upande wa ndani: wino wa kalamu uliopakwa kuficha nyeupe ya mgongoni mara nyingi huvuja upande huo. Pima upana kwa rula ukilinganisha na kitabu kingine cha mwezi huo huo, kwa kuwa wapo waliokata kingo zilizochakaa ili kitabu kionekane kipya. Mwisho, nusa. Harufu ya uvundo haionekani kwenye picha, na ndiyo inayorudisha vifurushi.

Ukikuta jalada limechanika, usibandike selotepu. Usifute pini kutu. Usisugue doa. Matengenezo yoyote ya mkono wako yatapunguza bei, na ukiyafanya bila kuyataja umekwisha kuwa tapeli hata kama nia ilikuwa njema.

Soko linapima hali kwa kipimo cha 0.5 hadi 10. Kitabu cha 9.8 ni kama kimetoka kiwandani jana. Cha 8.0 kinavutia lakini kinaonyesha kwamba kimewahi kusomwa. Cha 6.0 kina vijistari na kona zilizolegea, bado kinapendeza. Cha 4.0 kimeishi maisha yake. Kuanzia 2.0 kushuka ni mikunjo mikubwa, michaniko, maandishi ya kalamu. Macho yako hayatazoea kipimo hiki kwa kusoma maelezo. Nunua kitabu kimoja cha bei ndogo ambacho tayari kimepimwa 6.0, kingine 8.0, viweke mezani kando ya vyako, utazame mpaka tofauti ikukae. Na ukisitasita kati ya alama mbili, andika ile ya chini. Mteja aliyetarajia 5.0 akapokea 6.0 ataweka duka lako kwenye orodha yake, aliyetarajia 6.0 akapokea 5.0 atadai fedha zake, na ana haki.

Picha ziendane na ukweli huo. Jalada la mbele na la nyuma, yote bila plastiki, mgongo wote, kurasa za katikati na pini zake, ukurasa wa kuponi, na kila kasoro kwa karibu. Mimi napenda kuskani majalada na kupiga picha kasoro kwa mwanga wa ubavu, kwa sababu skana hufuta mikunjo. Picha nyingi zinakulinda pia dhidi ya mteja mwongo anayerudisha nakala mbovu badala ya yako: alama ndogo zilizo kwenye picha zako ndizo ushahidi.

Sasa makasha. Kampuni inayojulikana zaidi ni CGC ya Sarasota, Florida, iliyoanza kazi mwaka 2000. Unawatumia kitabu, wataalamu wao wanakipa alama, wanakifunga kwenye kasha gumu lenye lebo. Lebo ya buluu ni ya kawaida. Ya zambarau maana yake kitabu kimefanyiwa matengenezo. Ya kijani ina maana kuna kasoro kubwa iliyotajwa, mfano ile kuponi iliyokatwa. Ya njano ni ya saini iliyoshuhudiwa. Ukijumlisha ada, nauli ya kwenda na kurudi na bima, kitabu kimoja kinaweza kula dola 50 hivi, na kusubiri kwaweza kuwa kwa miezi. Kwa hiyo jibu langu ni hapana, usipeleke vyote. Peleka kile ambacho thamani yake inapita dola mia mbili au tatu, au ambacho mteja atahofia kwamba ni bandia au kimefanyiwa matengenezo. Hulk 181, peleka. X-Men ya 1991, usithubutu, labda uwe na hakika ya 9.8, na hata hapo piga hesabu upya.

Na wewe ukinunua vilivyofungwa, usiishie kwenye lebo. Mwishoni mwa 2023 iligundulika kwamba kuna mtu aliyekuwa akibadilisha vitabu ndani ya makasha na kuweka vya hali duni chini ya alama za juu, na CGC wakalazimika kutoa orodha ya namba za kutiliwa shaka. Ingiza namba ya lebo kwenye tovuti yao, linganisha na picha, tazama kama pembe za kasha zimechezewa.

Bei: tafuta ile iliyolipwa, achana na ile inayoombwa. Mtu anaweza kuandika dola 500 kwa kitabu cha dola 5 na kikakaa hapo miaka. Kwenye eBay kuna kichujio cha vitu vilivyouzwa. Weka jina, namba, mwaka, kisha tazama nakala zenye hali kama yako. Mwongozo wa bei wa Overstreet umekuwa ukitoka tangu 1970, na unafaa sana kwa kujifunza kipi kina umuhimu, ila kwa bei ya wiki hii soko liko mbele yake. Jua pia kwamba sinema hucheza na bei. Mhusika akitangazwa kwamba anakuja kwenye filamu, toleo lake la kwanza hupanda. Filamu ikishatoka, mara nyingi hushuka. Wakati wa kuuza ni pale watu wanapongoja. Na ukikutana na bei za 2021, zikabili kwa tahadhari: kipindi cha korona watu walikaa ndani na fedha mkononi, bei zikaruka, na kuanzia 2022 nyingi zimerudi chini.

Kuhusu tovuti au eBay, anza eBay. Huna jina bado, na wanunuzi wako huko tayari. Watachukua zaidi kidogo ya asilimia 13, tena kwa jumla yote pamoja na nauli. Piga hesabu hii kabla hujaorodhesha kitu: kitabu cha dola 10, mteja analipa na nauli dola 6. Makato ni kama dola 2 na nusu, posta 6, mfuko na vifungashio 2. Umebaki na dola 5 na kitu, na umetumia nusu saa. Ndiyo maana vitabu vya bei ndogo huuzwa kwa fungu: matoleo kumi yanayofuatana ya Fantastic Four, tangazo moja, kifurushi kimoja. Wasomaji wanapenda hadithi isiyokatika, na wewe unaokoa muda. Tovuti yako mwenyewe itakuja utakapokuwa na wateja wanaokuuliza una nini kipya. Uuzaji wa video moja kwa moja kama Whatnot unafaa wenye ulimi mwepesi na mzigo mwingi. Kwa boksi tatu, acha kwanza.

Kwenye kichwa cha tangazo una herufi 80 tu. Usizipoteze kwa sifa. Jina, namba, mwaka, nani anatokea kwa mara ya kwanza, alama ya hali.

Kufunga mzigo nakutilia maanani sana, maana hapa ndipo kazi yote ya awali huharibika. Kitabu kiwe ndani ya mfuko wake pamoja na kadi ngumu isiyo na asidi. Mifuko ya plastiki ya kawaida hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Kwa vitabu vya maana nunua ile ya Mylar, plastiki imara isiyochakaa haraka. Kisha kata vipande viwili vya boksi, kila kimoja kikizidi kitabu kwa sentimita mbili au tatu pande zote. Tazama mistari ya ndani ya boksi: kimoja mistari iende juu chini, kingine iende kulia kushoto. Vikiwekwa hivyo, kifurushi hakikunjiki upande wowote. Bandika mfuko kwenye kipande kimoja kwa tepu ya mafundi rangi, ile inayobanduka kirahisi, kitabu kisitembee ndani na kona kugonga. Funika kwa kipande cha pili, funga, ndipo uingize kwenye boksi la nje. Kunja ncha za tepu ili mteja apate pa kushika. Nimeona kitabu kizima kikichanwa na kisu cha mtu aliyekuwa anahangaika kufungua tepu.

Tuma kwa Ground Advantage ya posta, ambayo ina namba ya kufuatilia na bima ya hadi dola 100 ndani yake. Usijaribiwe na Media Mail, huduma nyingine ya posta ya kutuma vitabu, kwa sababu ya unafuu wake: haikubali machapisho yenye matangazo ya biashara, na katuni za zamani zimejaa matangazo. Posta wana ruhusa ya kufungua na kukagua. Mzigo wa dola 750 na kuendelea, dai saini ya mpokeaji, la sivyo eBay hawatakutetea mteja akisema hakupokea.

Kodi ya mauzo eBay wanaikata na kuilipa wenyewe. Ukifungua tovuti yako, mzigo huo unakuja kwako na utahitaji leseni ya muuzaji ya Ohio. Mapato yako ni ya kutangaza kwenye kodi yako ya mwaka hata yakiwa madogo. Na kama uko kwa viza ya masomo au ya kazi maalumu, muone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kuuza hata kitabu kimoja, kwa sababu biashara inaweza kuhesabiwa kuwa ni ajira isiyoruhusiwa.

Sasa Morogoro, na hapa naomba utulie, maana hili naliona kubwa kuliko boksi zako tatu.

Sani lilianza Dar es Salaam miaka ya 1980, na Watanzania wa rika langu tuliwajua wahusika wake Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Pimbi na Kipepe kama tulivyowajua majirani. Lance Spearman alikuwa mpelelezi wa hadithi za picha zilizotolewa na kampuni ya Drum kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Zilisomwa Afrika Mashariki hadi Magharibi, nakala moja ikipita mikono ya mtaa mzima. Ndiyo sababu ni adimu. Zilisomwa mpaka zikaisha, zilizobaki zikafungia karanga au zikaliwa na mchwa. Gazeti la katuni la Joe la Nairobi, lililoanzishwa 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst, lipo katika hali hiyo hiyo.

Lakini adimu na ghali ni vitu viwili. Magazeti haya hayana mwongozo wa bei, hakuna anayeyafunga kwenye makasha, na wanaoyatafuta ni wachache: watafiti, maktaba za vyuo vikuu, na watu wa kwetu walio ughaibuni wanaokumbuka utoto. Ukiyatupa eBay leo kwa jina la Kiswahili, yanaweza kukaa bila kuulizwa, au yakachukuliwa kwa dola tano na mtu anayejua ulichokuwa nacho.

Kwanza mwambie baba ayatoe sakafuni. Ayaweke yamelala, mbali na ukuta wenye unyevu na dirisha lenye jua, kwenye boksi lenye mfuniko, na aondoe mipira yote ya raba iliyofunga rundo, kwa maana raba ikizeeka hunata na kuchoma karatasi. Asiyaanike juani hata kama yana unyevunyevu. Kivuli chenye upepo kinatosha. Kisha mdogo wako mwenye simu nzuri apige picha ya kila jalada na ukurasa unaoonyesha namba ya toleo, tarehe na bei.

Ukishakuwa na picha hizo, huhitaji kwenda mbali. Hapo hapo Columbus, ndani ya Chuo Kikuu cha Ohio State, kuna Billy Ireland Cartoon Library and Museum, yenye hazina ya katuni ambayo ni miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Michigan State, mwendo wa saa chache kwa gari, wana mkusanyiko mkubwa wa vitabu vya katuni vya nchi nyingi. Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi tangu 1966 kwa ajili ya kukusanya machapisho ya ukanda wetu. Waandikie wote watatu, ukitaja jina la gazeti, namba za matoleo, miaka, hali yake na yapo wapi, kisha uulize ni yapi hawana. Matoleo wanayokosa ndiyo yatakayokupa bei. Na kabla ya toleo lolote kuondoka Morogoro, muulize baba kama anataka kubaki nalo.